Sufuria Ikizaa, Kesho Itakufa

Abunuwasi alikwenda kwa jirani yake kuazima sufuria. Kesho yake akairudisha, na ndani yake kaweka kijisufuria kidogo. Jirani akauliza, na hiki je? Abunuwasi akajibu kwa uso mkavu kwamba sufuria ilikuwa na mimba na usiku imezaa. Jirani akacheka moyoni, akavipokea vyote viwili, akafunga mlango. Baada ya siku chache Abunuwasi akaja tena, safari hii akaazima sufuria kubwa kuliko zote za nyumba ile. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Jirani alipomfuata alimkuta kajiinamia kama mtu mwenye msiba. Sufuria, akaambiwa, imefariki. Jirani akapandisha sauti: tangu lini sufuria ikafa? Abunuwasi akamtazama tu. Tangu ile siku ilipozaa.

Hadithi hiyo mnaijua, wapwa zangu. Mimi naihitaji leo kwa kazi nyingine. Nataka kuwaeleza jambo linalozua kelele mezani kwetu karibu kila Jumamosi: mchezaji akigundua mwanya katika kanuni za mchezo, refa afanye nini?

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Unaitwa Dungeons & Dragons, na ulitungwa Marekani na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Ulitoka mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya boksi, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Watu wanne watano hukaa mezani, kila mmoja na mhusika wake: mpiganaji, mwizi, kuhani, mchawi. Mmoja tu hana mhusika. Yeye husimulia dunia yote iliyobaki, kuanzia upepo na njaa mpaka mazimwi na wauza nyanya. Katika vijitabu vile vya mwanzo aliitwa refa. Siku hizi ana cheo kirefu, Dungeon Master, lakini mimi nimebaki na refa, na wapwa zangu huniita Mjomba Refa.

Refa husema kilichopo: mbele yenu kuna mlango wa chuma, na nyuma yake mtu anakoroma. Mchezaji husema anachofanya. Jambo likiwa na shaka, dadu yenye nyuso 20 huamua. Na tusichanganye mambo: mchawi wa mchezo huu si yule anayepaa na ungo usiku. Huyu ni msomi. Anatembea na kitabu, na kila uchawi wake umeandikwa katika kanuni kama dawa ya dukani: unafika umbali gani, unadumu muda gani, unafanya kazi gani. Kuna vijiuchawi vidogo vya kutumia kutwa bila kuishiwa, na juu yake kuna ngazi, kuanzia ya 1 mpaka ya 9. Kadiri ngazi inavyopanda ndivyo uchawi unavyotisha, na ndivyo mchawi anavyopewa kwa uchache.

Penye maandishi ndipo penye mwanya. Kitabu kina mistari sita kuhusu uchawi mmoja. Dunia ya refa ina milima, vyoo, ng'ombe na mapipa ya siki. Mistari sita haiwezi kuyataja yote, na mtoto mwenye akili anaona hivyo mara moja.

Mpwa wangu mmoja anacheza kuhani. Kuhani ana uchawi wa ngazi ya 1 wa kuumba maji: galoni 10, yaani lita 38 hivi, ambazo ni karibu madebe mawili ya maji safi, ndani ya chombo kilicho wazi, umbali usiozidi mita 9. Siku hiyo walikuwa wamebanwa darajani na jemadari wa adui. Kuhani wangu akaweka penseli chini taratibu, kama mtu aliyeshika turufu.

"Mjomba, mapafu si chombo?"

"Chombo cha nini?"

"Cha hewa. Na jemadari si anapiga kelele? Basi mdomo uko wazi. Naumba maji ndani ya mapafu yake. Yote, lita thelathini na nane."

Meza ikalipuka. Mwizi akasimama juu ya kiti. Mpiganaji, ambaye alikuwa amebakiza uhai wa kuhesabu kwa vidole, akapiga makofi. Na kweli, ukitazama hesabu peke yake, jemadari amekwisha: mapafu ya mtu mzima hubeba lita sita hivi za hewa, sembuse madebe mawili ya maji.

Hila hii haikuzaliwa mezani kwetu. Wachezaji wa nchi nyingi wameijaribu, na marefa wengi wameumwa kichwa nayo. Baadhi yao husema "hapana" na kuendelea. Hilo ni kosa, kwa sababu mtoto aliyetumia akili akanyamazishwa hatatumia akili tena. Atarudi kurusha dadu na kupiga panga mpaka jioni. Wengine husema "ndiyo" ili wapendwe. Hilo ni kosa kubwa zaidi, na sababu yake mtaiona.

Mimi hujiuliza maswali matatu. La kwanza: maandishi yanasema nini hasa? Yanasema chombo kilicho wazi. Mapafu yamefunikwa na mbavu, yana koo juu yake na kifuniko cha nyama kinachofunga kila ukimeza. Ukiyaita chombo kilicho wazi, basi na chupa yenye kizibo iko wazi.

La pili: uzito wa jambo unalingana na bei yake? Katika mchezo huu upo uchawi wa kuua mtu kwa neno moja tu. Uko ngazi ya 9, juu kabisa, na hata huo una mpaka: umeandikwa kwa ajili ya kiumbe ambaye uhai wake hauzidi pointi 100. Sasa kama maji ya ngazi ya 1 yanaweza kuua jemadari yeyote anayepiga kelele, nani atahangaika kupanda ngazi nane? Ni sawa na kununua ng'ombe kwa bei ya yai. Uchawi mwingine wote kitabuni unageuka karatasi ya kufungia karanga.

La tatu ndilo kubwa, na siku ile nililiuliza kwa sauti.

"Sawa," nikasema. "Tuseme nimekubali. Jemadari naye ana makuhani. Kesho mmoja wao anajificha nyuma ya mti, anamwona mpiganaji wetu anapiga miayo. Nirushe dadu, au tumzike tu?"

Mpiganaji akafunga mdomo. Kweli alikuwa anapiga miayo.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Refa akikubali jambo leo, hajatoa zawadi kwa mtu mmoja. Ametunga kanuni ya dunia nzima, na mazimwi wanaishi katika dunia hiyohiyo. Wahenga walimaliza: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Lakini sikuishia hapo. Hapana ya refa inatakiwa iwe na mlango. Nikamwambia kuhani asome mistari ya uchawi wake mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa ameishia katikati. Chini yake imeandikwa kwamba maji hayohayo yanaweza kushuka kama mvua na kuzima moto ulio wazi. Akasoma. Akainua macho. Wakati ule ulikuwa usiku, na askari wote wa jemadari walikuwa wameshika mienge. Dakika moja baadaye daraja lilikuwa giza tupu, mwizi wetu ambaye huona gizani akawashika wenzake mikono, nao wakapita katikati ya jeshi wakisikia watu wakitukanana. Siku ile walikuja kutafuta kifo cha jemadari, wakarudi na hadithi ambayo bado wanaisimulia.

Sasa msije mkadhani kila mwanya ni wa kuzibwa. Wiki kadhaa baadaye tulifika baharini, na maharamia wakatufuata kwa mashua. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, lakini mezani tunacheza kwa Kiswahili. Neno lililomo kitabuni, kwenye uchawi ule wa maji, lina maana ya kitu cha kutilia vitu, kama ndoo au pipa, na sisi tulikuwa tumelitafsiri "chombo". Mnajua wenyewe: Mswahili akisema chombo, huenda anasema sufuria, na huenda anasema jahazi.

"Mjomba," akaanza kuhani, na safari hii alikuwa anatabasamu tangu mwanzo, "mashua si chombo?"

"Ni chombo."

"Iko wazi?"

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Nikakubali. Kwa nini huku ndiyo na kule hapana? Mashua kweli iko wazi na kweli hubeba maji, kwa hiyo maandishi hayakuvunjika. Madebe mawili hayazamishi mashua ya watu kumi, kwa hiyo bei na uzito vililingana. Yaliwaloweshea nyuzi za pinde na kumtelezesha nahodha, basi, na hayo yalitosha kuwapa wenzetu nafasi ya kutweka tanga. Na maharamia wakitufanyia sisi vilevile, tutashika kata na kuyafua maji, hakuna atakayelia.

Sasa nije kwenye mwanya mashuhuri kuliko yote, ule wa wakulima na mkuki. Mapigano katika mchezo huu hugawanywa kwa raundi, na raundi moja ni sekunde sita. Ndani ya raundi mtu anaweza kujiweka tayari: jirani akinipa kitu, nami hapohapo nampa anayefuata. Basi mjanja mmoja akaajiri wakulima 2,000. Akawapanga mstari, kila mmoja na nafasi yake ya futi tano, yaani mita moja na nusu. Mstari una urefu wa kilomita tatu. Wa kwanza akampa wa pili mkuki, wa pili akampa wa tatu, na kwa kuwa wote walikuwa tayari, kwa mujibu wa kanuni mkuki ulifika mwisho wa mstari ndani ya raundi ileile.

Chukueni kalamu. Kilomita tatu kwa sekunde sita ni mita 500 kwa sekunde moja. Sauti hewani huenda kama mita 340. Mkuki umeiacha sauti nyuma, na ukiongeza wakulima unazidi kukimbia. Hapo mjanja anasimama na kutangaza kwamba mkuki wenye kasi hiyo, ukimtoka mkulima wa mwisho, utabomoa ngome na kumpasua joka aliyemo ndani.

Mnaiona hila iko wapi? Someni tena polepole kabla sijawaambia.

Kanuni za mchezo hazijui kasi ya mkuki. Zinasema mkuki ukimpata mtu unaumiza kwa kiasi cha dadu moja yenye nyuso sita, pamoja na nguvu za anayeurusha, basi, hata uwe umepita mikono mingapi. Kwa hiyo ukitaka kanuni, chukua kanuni zote: mkuki umepita mikono 2,000 na mwishoni unamchoma joka kama mkuki wowote wa sokoni. Na ukitaka fizikia, chukua fizikia yote: sekunde sita zitaisha mkulima wa tano bado anapangusa jasho mikononi. Mjanja anataka kanuni wakati mkuki uko njiani, na fizikia wakati unafika. Anabadilisha hakimu katikati ya kesi. Ni yule jirani wa Abunuwasi hasa: sufuria kuzaa alikubali kwa mikono miwili, kufa akasema haiwezekani.

Mwaka 2024 kitabu cha marefa wa mchezo huu kilipochapishwa upya, waandishi wake waliligusa jambo hili waziwazi, pamoja na mfano wa mstari wa watu wanaopokezana mkuki. Wanasema kanuni zipo ili mchezo uwe na raha. Hazikuandikwa kueleza fizikia ya dunia ile. Tena wanasema kanuni hutegemea watu wanaozisoma kwa nia njema. Nimependa hilo la nia njema. Nakala yenye makosa, ikisomwa kwa nia njema, huchezeka. Nakala isiyo na kosa hata moja, ikikosa nia njema, haimalizi saa.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani kuliko mchezo wetu. Mwaka 1824, katika ufalme wa Prussia, ofisa wa jeshi aitwaye von Reisswitz alichapisha mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, wenye ramani, dadu na mwamuzi. Kanuni zake zilikuwa nzito, na kila kitu kilihitaji kutafutwa kwenye jedwali. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Verdy du Vernois, akashauri majedwali yawekwe kando, uamuzi uachiwe mwamuzi anayeijua vita. Gygax na Arneson walikulia katika michezo ya vita ya mezani, na mpaka leo kila refa anavutwa na kamba hizo mbili: kitabu upande huu, busara upande ule. Refa mzuri hashiki moja akaiachia nyingine.

Upo uchawi mmoja uliotungwa kana kwamba ni wa kumpa refa kisasi chake. Ni wa ngazi ya 9, nao ni wa matakwa: taja unachotaka, kiwe. Ukiutumia kuiga uchawi mwingine wa ngazi ya 8 au chini yake, hakuna tabu. Ukiomba jambo kubwa zaidi, uwezekano ni 33 kwa 100 kwamba hutauweza tena maishani. Na refa ameruhusiwa kusikiliza maneno kama jini wa kwenye chupa asikilizavyo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 chenyewe kinatoa mfano wa anayeomba adui yake awe amekufa: huenda akajikuta amerushwa mbele miaka mingi, zama ambazo adui huyo kweli hayupo tena duniani. Ombi limetimia, ila mwombaji ndiye aliyehama. Lakini refa naye asinogewe na ujini. Anayekuja na maneno ya kiwakili umjibu kiwakili. Anayeomba kwa moyo safi rafiki yake afufuke, ukimpa mfupa unaotembea umemwonea.

Nimalizie na pilipili.

Mpwa wangu mdogo kuliko wote anacheza mchawi, na ana kijiuchawi cha mkono wa kivuli unaoelea. Kanuni zake ni chache: mkono haupigi, haubebi zaidi ya kilo nne na nusu, hauendi zaidi ya mita 9. Walikuwa wamejibanza jikoni kwa zimwi, naye zimwi kawapa mgongo, anakoroga. Juu ya rafu kulikuwa na mfuko wa pilipili ya unga, nilioutaja kwa kupamba tu.

"Mjomba, mfuko ule una kilo ngapi?"

"Mbili."

"Mkono unaubeba?"

"Unaubeba."

"Nauleta mpaka juu ya kichwa chake. Simpigi. Nauinamisha tu."

Hakuna aliyecheka. Wote walinitazama mimi. Kumwagia mtu pilipili ni kumpiga au si kumpiga? Kitabu hakisemi. Nikapita maswali yangu matatu, nikaamua hapohapo, kwa sababu refa anayepekua kurasa dakika ishirini anaua mchezo kuliko refa anayekosea. Zimwi arushe dadu ya nyuso 20. Akipata 13 au zaidi, amefumba macho kwa wakati. Akipungukiwa, haoni kwa raundi moja. Akapata 9. Akapiga chafya iliyozima jiko, nao wakampita miguuni wakakimbia.

Nikafungua daftari langu la maamuzi, ambalo kila refa anapaswa kuwa nalo, nikaandika mbele yao: pilipili machoni, dadu, 13, haoni sekunde sita. Kisha nikaongeza maneno mawili na kuyapigia mstari: kwa yeyote.

Mchawi aliyasoma maneno yale mara mbili, hakusema kitu.

Zimwi ana ndugu, na habari husafiri. Jumamosi ya nne tangu siku ile, kundi la vibwengo likawavizia njia panda, na wa mbele alikuwa na mfuko begani. Nikasema akautia mkono, akarusha ukungu mwekundu. Mwizi akapiga kelele kwamba ni uonevu. Mpiganaji akaniuliza tangu lini vibwengo wakajua hila ile.

Kabla sijajibu, mchawi alisukuma karatasi yake katikati ya meza. Kwenye orodha ya mizigo, chini ya kamba na mishumaa, kulikuwa na mstari aliouandika wiki tatu nyuma, sokoni, wakati wenzake wakinunua panga: vitambaa vya kufunika uso, vinne, na kibuyu cha maji ya kuloweshea.

"Niliwafunga wote asubuhi, Mjomba," akasema. "Nilijua sufuria itakufa."